Fundi Anajibu: Toleo Jipya Limefika, Kazi Imesimama

Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, barua zinazofika kwenye safu hii zimekuwa na lalamiko moja lenye sura nyingi: kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi vizuri jana, leo inamtaka mwenyewe ajifunze upya, alipe upya au anunue upya. Mwezi huu nimeyaweka kando maswali ya simu na ving'amuzi, nikachagua barua tano kutoka Dodoma Mjini, Kongwa, Kondoa na Manyoni. Nimefupisha salamu, ambazo kwa baadhi yenu zilikuwa ndefu kuliko swali lenyewe.

Shikamoo fundi. Nina steshenari karibu na chuo kikuu hapa Dodoma, na wateja wangu wengi ni wanafunzi wanaokuja kuchapa kazi zao. Kompyuta yangu ya mezani niliinunua ikiwa imetumika, ina RAM ya GB 8 na haijawahi kunisumbua. Sasa inaniambia kwamba mfumo wake umefika mwisho, na nikijaribu kuweka Windows 11 inajibu kwamba haina sifa. Fundi mmoja wa mjini anasema ataipiga kwa nguvu nikimpa hela kidogo. Mwingine anasema ninunue mpya. Nimsikilize nani?
*Mwenye steshenari, Dodoma*

Marahaba, dada. Kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao.

Nikutoe hofu kwanza. Kompyuta haifi kwa sababu tarehe imepita. Itawaka, itachapa na itafungua kazi za wanafunzi kama ilivyokuwa ikifanya. Kilichokwisha ni viraka, yaani marekebisho ya kila mwezi yanayoziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni wameyagundua. Jambo hili si dogo. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu mojawapo la Windows, na mwezi Mei mwaka huohuo kirusi kilichoitwa WannaCry kikapita katika tundu hilohilo, kikafunga mafaili ya watu katika nchi nyingi, zikiwemo hospitali za Uingereza. Wengi walioumia walikuwa ni wale ambao dawa ilikwisha kutolewa miezi miwili kabla, lakini kompyuta zao hazikuwa zimeipata. Steshenari ni mahali pabaya zaidi pa kukaa bila viraka, maana kutwa nzima unapokea flashi za watu usiojua zimetoka kuchomekwa wapi.

Sasa tuje kwenye hizo sifa. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, inataka RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, isiyopungua GB 4 na diski isiyopungua GB 64, na bila shaka vyote hivyo unavyo. Kinachowakwamisha wengi ni mambo mawili mengine: kijenzi cha usalama kiitwacho TPM, toleo la 2.0, ambacho kazi yake ni kutunza funguo za siri za kompyuta, na orodha ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, zinazokubaliwa, ambayo kwa upande wa Intel huanzia, isipokuwa chache sana, kizazi cha 8. Tazama stika iliyobandikwa kwenye kompyuta yako au ukurasa wa taarifa za mfumo. Ukikuta i5-7500, ile 7 iliyo baada ya kistari ndiyo kizazi, na hapo umekwama. Ukikuta i5-8400 ni kizazi cha 8, na i5-10400 ni cha 10. Kama ni cha 8 kwenda juu na bado unakataliwa, inawezekana kabisa kwamba TPM ipo ila imezimwa kwenye BIOS, ile programu ya ndani ya mashine, na kuiwasha ni kazi ya dakika chache ambayo haistahili kulipiwa bei ya kompyuta mpya. Nashangaa kwamba hakuna hata fundi mmoja aliyekuuliza namba hiyo.

Ikiwa prosesa yako ni ya zamani kweli, bado una muda. Microsoft imeweka utaratibu wa kuendelea kutoa viraka vya usalama kwa watumiaji wa kawaida wa Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kujiandikisha hufanyika palepale kwenye ukurasa wa masasisho, mradi kompyuta iwe na toleo la 22H2, ambalo ndilo la mwisho la Windows 10. Unaweza kulipa dola 30, au kutumia pointi 1,000 za zawadi za Microsoft kama unazo, au usilipe kitu iwapo utakubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Akaunti moja inaweza kubeba hadi kompyuta 10. Kwa kompyuta za ofisini utaratibu ni mwingine na bei ni nyingine: dola 61 kwa kompyuta moja mwaka wa kwanza, kisha bei inaongezeka maradufu kila mwaka. Walioko Mji wa Serikali pale Mtumba wawaulize watu wao wa TEHAMA kabla ya kubofya chochote.

Kuhusu kupiga kwa nguvu, yaani kuweka Windows 11 kwenye kompyuta isiyo na sifa, inawezekana, na fundi wako hakukudanganya. Alichokuficha ni kwamba Microsoft haiahidi viraka kwa kompyuta isiyo na sifa, kwa hiyo unaweza kulipa fedha ili ukimbie tatizo la kukosa viraka ukalikuta limekutangulia. Tena toleo la 24H2 la Windows 11 linahitaji maagizo fulani ya prosesa ambayo mashine za zamani sana hazina kabisa, na mashine ya namna hiyo haitawaka. Na kama hiyo Windows anayokupigia inakuja na kiprogramu cha kuifanya ionekane imelipiwa, elewa kwamba umemruhusu mtu usiyemjua aingie kwenye kompyuta ambayo unaitumia kufungulia akaunti zako.

Fundi, mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kongwa. Jumanne usiku niliunganisha laptopu kwenye simu yangu ili nitume matokeo, nikasahau kuitoa. Asubuhi bando la wiki lilikuwa limekwisha. Jumatano hiyohiyo, nikiwa katikati ya kuandika mtihani wa utamirifu wa Kidato cha Nne, kompyuta ikajizima yenyewe, ikakaa karibu saa nzima ikihesabu asilimia, na ilipowaka maswali ya kurasa mbili hayakuwepo. Kwa nini haikuniomba ruhusa?
*Mwalimu, Kongwa*

Pole sana, mwalimu. Hiyo Jumanne haikuwa bahati mbaya. Microsoft hutoa viraka vyake Jumanne ya pili ya kila mwezi, asubuhi kwa saa za magharibi mwa Marekani, na kwetu inakuwa saa mbili au saa tatu za usiku. Ulipoiacha laptopu imeungana na simu usiku ule, uliifungulia mlango saa ileile mzigo ulipokuwa unafika. Kompyuta iliona Wi-Fi, na kwa akili yake Wi-Fi ni intaneti isiyo na kikomo, kama ilivyo kwa wale walioitengeneza. Haijui kwamba nyuma ya Wi-Fi hiyo kuna bando la wiki la mwalimu.

Kwa hiyo iambie. Fungua mipangilio ya Wi-Fi, chagua jina la simu yako, kisha washa swichi inayosema kwamba muunganisho huo unalipiwa kwa kipimo. Kuanzia hapo haitapakua masasisho makubwa bila wewe kuianzishia, ukiacha machache ambayo mfumo unayahesabu kuwa ya lazima kabisa. Fanya hivyo kwa kila simu unayoiunganisha, kwa sababu mpangilio huo unakaa na jina la mtandao mmoja mmoja. Ukiwa mahali penye intaneti ya uhakika, labda unapokuja mjini kwa semina, shusha yote kwa mkupuo mmoja. Na kama shuleni mna kompyuta kadhaa kwenye mtandao mmoja, ipo sehemu ya masasisho inayoruhusu kompyuta zigawiane vipande: moja ikishusha, nyingine zinachukua kwake badala ya kila moja kula bando lake.

Kuhusu kujizima, kuna saa za kazi unazoweza kuzitaja, zisizozidi 18 kwa siku, ambazo ndani yake kompyuta haitajiwasha upya yenyewe. Kuna pia kitufe cha kusimamisha masasisho kwa hadi wiki tano, nami ningekibofya kila unapoanza msimu wa mitihani. Wiki hizo zikiisha utalazimika kupokea yaliyolimbikizana kabla hujasimamisha tena, kwa hiyo usikifanye kuwa mazoea. Maneno yako yaliyopotea, kama uliandika kwa Word, jaribu kuifungua programu na kutafuta nyaraka ambazo hazikuhifadhiwa; mara nyingi huwa imetunza nakala ya dakika kumi zilizopita.

Naomba niongeze jambo ambalo hukuuliza, ingawa ndilo lililo chini ya barua zote za mwezi huu. Watu wanachanganya vitu viwili kwa sababu vyote vinaitwa sasisho. Kiraka cha usalama ni kama kubadilisha kitasa kilichovunjika. Kichelewe siku chache, lakini kiwekwe. Toleo jipya, lile linalokuja mara moja kwa mwaka likiwa na sura mpya na mambo mapya, ni sawa na kuhamishwa nyumba, na hakuna anayestahili kuhamishwa nyumba siku ya mtihani. Windows 11 ya nyumbani huendelea kupewa viraka kwa miezi 24 tangu toleo lake la mwaka litoke, kwa maana hiyo unaweza kukaa miezi mingi kwenye toleo la mwaka jana ukiwa salama kabisa, huku wengine wakikutangulia kukanyaga miiba. Miiba ipo. Toleo la Windows 10 la Oktoba 2018 lilisimamishwa siku chache tu baada ya kutoka, kwa sababu baadhi ya watu walikuta mafaili yao yamefutwa, likarudishwa mwezi Novemba likiwa limerekebishwa. Waliokuwa na haraka ndio waliolipa. Mimi mwenyewe sigusi toleo la mwaka kabla ya miezi mitatu kupita, na sijawahi kujutia.

Ndugu fundi, mimi ni mstaafu, naishi Kondoa. Nilijifunza kompyuta nikiwa mtu mzima, kwa taabu, nikaandika kwenye daftari kila hatua. Mjukuu wangu ameniwekea mfumo mpya na daftari langu lote limekuwa takataka: kitufe kimehama, nakala na bandika sizioni, na kila nikiuliza ananicheka. Je, wanaotengeneza vitu hivi hawana wazee nyumbani kwao?
*Mstaafu, Kondoa*

Shikamoo mzee wangu. Swali lako la mwisho limenifanya nicheke peke yangu, nami sina jibu lake.

Mjukuu asikucheke, kwa sababu uliyoyapata yaliwapata pia watu wazoefu dunia nzima. Kitufe cha kuanzia, kile cha kwenye kona ya chini kushoto, kilikuja na Windows 95 mwezi Agosti 1995. Miaka 17 baadaye, tarehe 26 Oktoba 2012, Windows 8 ikatoka bila kitufe hicho, ikiwa na vigae vikubwa vya kugusa kwa kidole, wakati watu wengi walikuwa wanatumia kipanya na kioo kisichohisi kidole. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba kitufe kilirudishwa mwaka uliofuata katika Windows 8.1, na menyu yake kamili ikarudi na Windows 10 mwaka 2015. Kabla ya hapo kulikuwa na Vista ya mwaka 2007, iliyokuwa ikimuuliza mtu ruhusa kwa kila jambo dogo na ambayo printa nyingi za wakati huo hazikuelewana nayo, hata watu na maofisi wakaamua kubaki na XP ya mwaka 2001. XP hiyo ilitunzwa hadi Aprili 2014. Kwa hiyo, mzee, ukikataa kitu kwa sababu kimekuvurugia kazi, hujawa mkaidi, na mara nyingine wenye kiwanda wenyewe wamerudi nyuma kwa sababu ya watu wa aina yako.

Daftari lako linaweza kuokolewa kwa marekebisho mawili. Bofya kulia sehemu tupu ya ule upau wa chini, ingia kwenye mipangilio yake, tafuta sehemu ya mpangilio wa aikoni, chagua kushoto. Kitufe kitarudi kwenye kona yake. Nakala na bandika hazikuondolewa, ila zimegeuzwa kuwa vijipicha vidogo vilivyopangwa kwenye mstari mmoja wa menyu. Shikilia kitufe cha Shift unapobofya kulia, na menyu ya zamani yenye maneno itatokea. Au zisahau menyu zote mbili na uandike kwenye daftari: Ctrl na C ni kunakili, Ctrl na V ni kubandika. Hizo zimevuka matoleo yote niliyoyataja bila kuguswa.

Kama mjukuu aliweka mfumo huo chini ya siku 10 zilizopita, na hakuanza kwa kufuta diski, ukurasa wa urejeshaji kwenye mipangilio una kitufe cha kurudi kwenye mfumo wa zamani. Zikipita siku hizo, kompyuta hufuta mabaki ya mfumo uliotangulia na njia hiyo hufungwa. Lakini kumbuka niliyomwambia dada wa steshenari kuhusu Windows 10, usije ukarudi mahali ambapo viraka vimekwisha.

Shikamoo. Nasoma mwaka wa pili hapa UDOM. Nilinunua laptopu iliyotumika. Juzi baada ya sasisho ilinionyesha kioo cha buluu kinachodai ufunguo wa tarakimu 48. Sijawahi kuweka ufunguo wowote. Kazi zangu zote za muhula zimo humo.
*Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Diski yako imefungwa kwa usimbaji, na kufuli lilijiweka lenyewe mtu alipoiandaa kompyuta hiyo kwa akaunti ya Microsoft. Katika mashine nyingi za sasa ndivyo inavyokuwa bila mtu kuulizwa. Sasisho linalogusa programu ya ndani ya mashine, ile BIOS, linaweza kuifanya TPM ihisi kwamba kompyuta imebadilika, na hapo inadai ufunguo.

Ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika wakati huo. Ingia kwenye akaunti yako kwa kutumia simu, tafuta ukurasa wa vifaa, kisha linganisha herufi za mwanzo za kitambulisho kilicho kwenye kioo na zile zilizoandikwa pale. Kama akaunti ilikuwa ya aliyekuuzia, mtafute leo, kabla hajabadilisha namba ya simu. Kama hapatikani, sitakudanganya: hakuna fundi wa kuufungua, na anayekuambia anaweza atakachofanya ni kufuta kila kitu na kukurudishia kompyuta iliyo tupu. Wengine mnaonunua laptopu zilizotumika, ifuteni na kuiandaa upya kwa akaunti zenu siku ileile ya kwanza, kisha ufunguo muuandike kwenye karatasi.

Fundi, mimi ni mhasibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa alizeti, Manyoni. Tuna kompyuta tatu za zamani ambazo haziwezi kupokea mfumo mpya. Kijana mmoja anatushauri tuhamie Linux ambayo ni ya bure. Je, ni kweli, au tunajitafutia matatizo mengine?
*Mhasibu, Manyoni*

Ni kweli, na matatizo mengine yapo. Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, nayo ina aina nyingi. Ubuntu 24.04 ya Aprili 2024 na Linux Mint 22 iliyojengwa juu yake hazina ada, zinapewa viraka hadi mwaka 2029, na zinaridhika na mashine ambazo Windows 11 imezikataa. Kuandika barua, kupiga hesabu za jedwali na kusoma barua pepe vyote vinafanyika kwa kivinjari na LibreOffice, programu za ofisini zinazofanana na Word na wenzake. Wala si jambo geni kwetu: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wenzao wa Sweden kutoa OpenOffice, programu za aina hiyohiyo, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice, wakati wengi wetu tulikuwa bado tunagombania zamu kwenye intaneti kafe.

Kikwazo chenu ni ile programu ya uhasibu. Kama imetengenezwa kwa ajili ya Windows peke yake, msiihamishe kwa mazingaombwe. Bakizeni kompyuta moja yenye Windows 10, iandikisheni kwenye utaratibu wa viraka wa kompyuta za ofisini nilioutaja hapo juu, na itumike kwa vitabu vya chama tu, isitumike kwa muziki wala kwa flashi za wanachama. Huo ni muda wa kupumua na kutafuta fedha ya mashine moja yenye sifa, si tatu. Zile mbili nyingine ndizo za kuhamishia Linux.

Msianze kwa kufuta. Andaeni flashi ya GB 8 yenye Linux Mint na muwashe kompyuta kupitia flashi hiyo. Mfumo utafunguka na kufanya kazi bila kugusa kitu kilichomo ndani ya diski. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu inasomwa kutoka kwenye flashi, lakini mtaona kama Wi-Fi inashika, kama sauti inatoka na kama faili za hesabu zinafunguka bila mistari kuvurugika. Fanyeni hivyo nje ya msimu wa kupokea alizeti, na kitu cha kwanza kukijaribu kiwe printa ya stakabadhi. Ikigoma, niandikieni mkitaja namba ya modeli iliyobandikwa nyuma yake.